Nani Achoraye Dirisha? Uhakiki wa Skripti ya Kukusanya Logi za Mfumo kwa Wakati Maalumu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki skripti ya sheli inayokusanya logi za mfumo wa kompyuta kuzunguka wakati fulani. Skripti hiyo inachukuliwa hapa kuwa matini ya ushahidi, wala si chombo cha fundi pekee. Hoja kuu ni kwamba dirisha la wakati linalochorwa na skripti ni uamuzi wa mwanadamu, na kwamba uamuzi huo usipohifadhiwa pamoja na matokeo yake, ukimya wa logi hugeuzwa kuwa ushahidi dhidi ya mtu asiye na namna ya kujitetea. Uhakiki unaegemea nyanja tatu: tofauti kati ya saa ya mashine na saa ya msemaji wa Kiswahili, namna logi zinavyopotea zikiwa bado zinahitajika, na uzoefu wa mahakama za Kenya na Uingereza. Makala yanapendekeza kwamba skripti yenyewe itambuliwe kuwa sehemu ya ushahidi katika sera za nchi za ukanda huu.

Maneno ya msingi: logi, skripti, ushahidi wa kielektroniki, wakati, sera ya TEHAMA

1.0 Utangulizi

Kiswahili cha mabaharia kina neno batli, yaani kitabu ambamo habari za safari ya chombo huandikwa kadiri safari inavyoendelea. Mifumo ya kompyuta nayo huandika batli yake: nani ameingia, huduma gani imeanza, ombi gani limekataliwa, diski ipi imejaa. Maandishi hayo mafundi huyaita logi, na makala haya yanafuata mazoea hayo. Hata hivyo, logi haiandikwi na mkono mmoja. Seva ya kawaida huwa na programu nyingi, na kila programu huandika kwa mtindo wake, katika faili lake, kwa saa inayoiamini.

Inapotokea hitilafu, kwa mfano malipo kupotea, matokeo kuchelewa au akaunti kufunguliwa na asiyehusika, hakuna anayesoma logi zote. Fundi huandika skripti ya sheli, yaani faili la maandishi lenye amri ambazo mfumo wa uendeshaji huzitekeleza moja baada ya nyingine. Skripti hupewa wakati wa tukio na idadi ya dakika kabla na baada yake. Hupita katika faili za logi, huokota mistari iliyomo ndani ya mipaka hiyo, na kuifunga katika kifurushi kimoja. Kifurushi hicho ndicho humfikia mkuu wa idara, mkaguzi, mpelelezi, na pengine hakimu.

Kwa kawaida skripti ya namna hii hupimwa kwa swali moja: je, inafanya kazi? Swali hilo ni halali, lakini halitoshi. Msomaji wa kifurushi haoni kilichoachwa nje. Anachokiona ni mistari iliyopangwa kwa saa, na mpangilio huo humpa hisia kwamba anasoma tukio lenyewe. Kwa hiyo, swali linalopaswa kutangulia ni lile ambalo mhakiki wa matini yoyote huuliza: nani amechagua, kwa kigezo gani, na nini kimenyamazishwa?

2.0 Ubora wa skripti kama matini

Uadilifu wa uhakiki unadai kwamba sifa za skripti zitajwe kwanza. Skripti ya sheli imejengwa juu ya utamaduni wa Unix wa kuunganisha programu ndogo ndogo, utamaduni uliopata nguvu mwaka 1973 pale njia ya kupitisha matokeo ya programu moja kwenda nyingine ilipoingizwa katika mfumo huo. Amri grep hutafuta, awk hulinganisha sehemu za mstari, date hubadili wakati kutoka umbo moja hadi jingine, tar hufunga. Kila hatua imeandikwa waziwazi.

Sifa hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Afisa anayefungua faili la logi kwa mkono, akanakili mistari aliyoiona kuwa muhimu na kuibandika katika barua, haachi alama ya yale aliyoyaruka. Skripti huacha alama. Mtu wa upande wa pili akipewa skripti pamoja na logi za asili anaweza kuiendesha upya na kulinganisha matokeo. Anaweza pia kubadili idadi ya dakika na kuona kama hadithi inabadilika. Kwa maana hiyo, skripti inaruhusu kupingwa, na ushahidi unaoruhusu kupingwa ndio unaostahili kuaminiwa.

Udhaifu unaanza pale sifa hiyo inapotupwa. Kwa mazoea ya kazi, skripti huandikwa kwa haraka usiku wa hitilafu, huendeshwa mara moja, kisha hufutwa au kusahaulika katika saraka ya fundi. Kinachobaki ni kifurushi. Hapo matini huwa imetenganishwa na kanuni iliyoizalisha.

3.0 Saa ya mashine na saa ya msemaji

Skripti huanza na wakati wa tukio, na wakati huo hautoki kwenye mashine. Hutoka kinywani mwa mtu: mteja, karani, mlinzi, mfanyabiashara. Katika eneo ambalo Kiswahili kinatumika, mtu huyo husema “saa nne asubuhi”, naye fundi hulazimika kuandika 10:00. Luganda na Kinyarwanda navyo huhesabu saa kwa kuanzia alfajiri kama Kiswahili, hivyo suala hili haliishii mipakani mwa Tanzania na Kenya. Taarifa ikiandikwa “saa 4:00” bila kutaja asubuhi wala usiku, mwenye kuisoma ana njia tatu mbele yake: 04:00, 10:00 na 22:00. Skripti haitamuuliza ni ipi.

Siku nayo ina utata wake. Msemo “usiku wa kuamkia Jumatatu” unaeleweka vema kwa msemaji, lakini usiku huo mashine huugawa katikati: sehemu yake ni Jumapili hadi 23:59, na sehemu nyingine ni Jumatatu kuanzia 00:00. Aliyeambiwa “usiku wa Jumatatu” na mtu anayeanza kuhesabu siku tangu magharibi anaweza kutafuta tukio saa ishirini na nne baada ya lilipotokea. Hili si kosa la lugha, kwani Kiswahili kina usahihi wake. Kosa ni la utaratibu usiomtaka mpokea taarifa aandike namna alivyotafsiri maneno ya mlalamikaji kuwa saa ya mashine.

Juu ya utata huo kuna tofauti ya majira baina ya nchi. Tanzania, Kenya na Uganda hutumia saa iliyo mbele ya UTC kwa saa tatu. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo hutumia iliyo mbele kwa saa mbili. Chukuliwe mfano wa kubuni wa mfanyabiashara anayepitisha mzigo Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, ambaye anadai kwamba malipo yake yalikataliwa saa nne asubuhi. Ikiwa alisoma saa ya upande wa Tanzania, tukio lilikuwa 07:00 kwa UTC. Ikiwa alisoma ya upande wa Rwanda, lilikuwa 08:00 kwa UTC. Ikiwa seva imewekwa kuandika kwa UTC, na fundi akaipa skripti 10:00 pamoja na dakika kumi kila upande, dirisha litafunguka kati ya 09:50 na 10:10 kwa UTC. Halitagusa wakati wowote kati ya hizo mbili zinazowezekana. Kifurushi kitakuwa na mistari mitulivu ya mfumo unaofanya kazi vizuri, na taarifa itasomeka: “Hakuna hitilafu iliyoonekana.” Kuanzia hapo, anayetiliwa shaka ni mfanyabiashara.

Umbo la logi zenyewe huongeza tatizo. Waraka wa RFC 3164 wa mwaka 2001, ulioeleza mtindo wa zamani wa syslog, unaonyesha wakati ulioandikwa kwa mwezi, siku, saa, dakika na sekunde tu. Mwaka haumo, wala tofauti na UTC haimo. Waraka wa RFC 5424 wa mwaka 2009 ulirekebisha kasoro hiyo kwa kuruhusu wakati kamili wenye mwaka na tofauti ya majira. Hata hivyo, mtindo wa zamani bado unakutwa katika vifaa vya mtandao na seva za miaka mingi. Skripti inayolinganisha maandishi ya mtindo huo kwa mpangilio wa herufi itaona Aprili inatangulia Januari, kwa kuwa herufi A hutangulia J. Nayo itaona mstari wa Machi ya mwaka jana na wa Machi ya mwaka huu kuwa ni wa wakati mmoja.

4.0 Yanayoanguka nje ya dirisha

Hata wakati ukiwa sahihi, logi zina namna tatu za kuanguka nje ya dirisha bila mtu kukusudia.

Namna ya kwanza ni mzunguko wa faili. Ili diski isijae, programu logrotate hulifunga faili la logi, hulipa jina jipya, hulibana, na baada ya muda hulifuta. Katika mifumo mingi ya Linux mpangilio wa jumla unaokuja na mfumo ni kuzungusha kila wiki na kubakiza mafaili manne ya zamani, yaani takribani mwezi mmoja. Skripti inayopita katika mafaili yanayoishia na .log pekee haifiki kwenye yaliyobanwa. Tukio la usiku wa manane linaweza kuwa nusu yake katika faili la jana na nusu katika la leo. Lililo zito zaidi ni kwamba malalamiko mengi huchukua zaidi ya mwezi kupanda ngazi za ofisi. Barua inapofika kwa mwenye mamlaka ya kuagiza logi zikusanywe, mfumo huenda umekwisha kuzifuta, kwa kufuata kanuni ambayo hakuna kikao kilichowahi kuijadili.

Namna ya pili ni mistari isiyo na saa. Programu iliyoandikwa kwa Java, kwa mfano, inapokumbwa na kosa huandika mstari mmoja wenye saa, kisha mistari mingi inayoeleza kosa lilipita wapi ndani ya programu. Mistari hiyo ya pili kwa kawaida haina saa. Skripti inayookota kila mstari kwa kuangalia saa yake huchukua kichwa cha habari na kuacha habari yenyewe. Msomaji huona kwamba kosa limetokea, lakini haoni kwamba chanzo chake ni programu. Pengo hilo hujazwa kwa urahisi na dhana kwamba mtumiaji alikosea.

Namna ya tatu ni wingi. Huduma ya systemd-journald, ambayo hutunza logi katika mifumo mingi ya Linux ya sasa, ina kikomo cha kuzuia programu moja isiifurike: kwa mpangilio wake wa kawaida ni takribani ujumbe 10,000 katika sekunde 30 kwa kila huduma, na unaozidi hutupwa. Aidha, saraka ya kudumu isipokuwapo, logi hizo hukaa katika kumbukumbu ya muda na hupotea seva inapozimwa na kuwashwa. Mambo haya mawili hukutana vibaya. Dakika ya hitilafu ndiyo ambayo programu hupiga kelele kuliko wakati wowote, na kuwasha upya seva ndilo tendo la kwanza la fundi anayetaka huduma irudi. Basi logi huwa chache zaidi pale zinapohitajika zaidi. Skripti isiyotofautisha “hakukuandikwa kitu” na “kilichoandikwa kimepotea” huwasilisha hali hizi mbili kwa sura moja ya ukurasa mtupu.

5.0 Logi mbele ya majaji

Kwamba suala hili si la mafundi pekee limedhihirika katika mahakama. Baada ya uchaguzi wa rais wa tarehe 8 Agosti 2017 nchini Kenya, Mahakama ya Juu iliamuru tarehe 28 Agosti kwamba walalamikaji wapewe fursa ya kusoma tu baadhi ya taarifa za seva za Tume ya uchaguzi, zikiwamo logi. Matokeo ya uchaguzi huo yalibatilishwa tarehe 1 Septemba. Katika hukumu kamili ya tarehe 20 Septemba, majaji walio wengi waliona kwamba agizo la kufungua seva halikutekelezwa ipasavyo, wakalihesabu jambo hilo dhidi ya Tume. Fundisho la kisheria lililo hapa ni zito: ukimya wa logi unaweza kuwa mzigo kwa mwenye kuzimiliki, badala ya kuwa mzigo kwa anayezitaka.

Miaka mitano baadaye funzo lilikuja kwa upande wa pili. Katika uamuzi wa tarehe 5 Septemba 2022, mahakama hiyohiyo ilikataa madai kuhusu kuingiliwa kwa mfumo wa matokeo. Ilieleza kwamba baadhi ya logi zilizowasilishwa kuyathibitisha zilikuwa za uchaguzi wa 2017 au zilikuwa za kughushi. Mstari wa logi, ukishatolewa katika faili lake, hauna uso wa kuutambulisha. Bila kumbukumbu ya namna ulivyookotwa, mstari wa mwaka mmoja unaweza kusimama mahali pa mwaka mwingine, kwa makusudi au kwa bahati mbaya.

Uingereza inatoa onyo la aina nyingine. Kati ya 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 waliohusika na uendeshaji wa ofisi ndogo za posta walitiwa hatiani kwa upungufu wa fedha ulioonyeshwa na mfumo wa Horizon. Kifungu cha 69 cha sheria ya ushahidi wa jinai ya mwaka 1984, kilichomtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta aonyeshe kwamba kompyuta ilifanya kazi sawasawa, kilikuwa kimefutwa kwa sheria ya 1999. Hivyo mahakama zilianza na dhana kwamba mashine ni nzima. Mahakama ya Rufani ilipofuta hatia za watu 39 tarehe 23 Aprili 2021, miongoni mwa yaliyozingatiwa ni kwamba katika kesi kadhaa kumbukumbu za ukaguzi za mfumo hazikuwa zimechukuliwa kabisa. Watu walifungwa kwa hesabu ambazo batli yake haikufunguliwa.

6.0 Sheria zilizopo na pengo lake

Nchi za ukanda huu hazianzi bila kitu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Uganda ya mwaka 2011, katika kifungu cha 8, na ile ya Tanzania ya mwaka 2015, katika kifungu cha 18, zinaitaka mahakama ipime uzito wa ushahidi wa kielektroniki kwa kuangalia jinsi taarifa ilivyozalishwa, ilivyohifadhiwa au kuwasilishwa, na jinsi uadilifu wake ulivyolindwa. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, katika kifungu cha 106B, inadai hati inayoeleza namna rekodi ya kielektroniki ilivyotolewa.

Vigezo hivi ni vizuri, ila vinaangalia zaidi uhai wa taarifa kuliko uteuzi wake. Faili la logi linaweza kuwa limezalishwa vema na kuhifadhiwa vema, huku dondoo lililoletwa mahakamani likiwa limechujwa vibaya. Hati ya Kenya inayoeleza “namna ilivyotolewa” ina nafasi ya kubeba skripti, lakini haiitaji. Sheria za Uganda na Tanzania zinaruhusu mahakama kuzingatia jambo lingine lolote linalohusika, lakini hazimkumbushi jaji aulize dirisha lilichorwa na nani.

Ipo hoja ya kupinga ambayo haipaswi kudharauliwa. Dirisha pana hukusanya habari za watu wasiohusika: nani aliingia saa ngapi, kutoka wapi, akafanya nini. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022, na sheria hizo zinataka taarifa zinazokusanywa zisizidi zinazohitajika. Kwa mtazamo huo, dirisha jembamba ni heshima kwa faragha. Mgongano huu unapungua pale mambo mawili yanapotenganishwa: kuhifadhi na kufichua. Taasisi inaweza kuzuia ufutaji wa logi za siku kadhaa mara tu lalamiko linapopokelewa, ikazifunga bila mtu kuzisoma, kisha ikafichua sehemu nyembamba kwa amri ya mwenye mamlaka. Faragha inalindwa katika kufichua, na haki ya kujitetea inalindwa katika kuhifadhi.

Kutokana na uchambuzi huu, sera ya taasisi ya umma inapaswa kudai mambo matano. Kwanza, maneno ya mlalamikaji kuhusu wakati yaandikwe kama yalivyotamkwa, na kando yake iandikwe tafsiri ya saa ya mashine pamoja na tofauti yake na UTC. Pili, logi za asili zinakiliwe na kufungwa kabla ya skripti kuendeshwa, na alama ya uhakiki ya kila faili, kama ile inayotolewa na amri sha256sum, iandikwe. Tatu, upana wa dirisha uelezwe sababu yake, na pale utata wa saa unapokuwapo, kila wakati unaowezekana upewe dirisha lake. Nne, skripti itoe orodha ya mafaili iliyoyapitia, iliyoyakosa, na yaliyokuwa matupu, ili ukimya uweze kusomwa. Tano, skripti yenyewe iambatishwe, na upande unaoshutumiwa uwe na haki ya kuomba iendeshwe upya kwa mipaka mingine.

Hakuna kati ya matakwa haya linalohitaji programu ya kununuliwa. Yote yanatekelezeka kwa amri ambazo tayari zimo katika seva. Kinachohitajika ni mistari michache ya ziada katika skripti na aya chache katika mwongozo wa taasisi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba skripti ya kukusanya logi kuzunguka wakati maalumu hufanya kazi ya mwandishi: huchagua mwanzo na mwisho, huwapa baadhi ya mashahidi nafasi ya kusema, na huwanyamazisha wengine. Tofauti na waandishi wengi, imeandika kanuni zake zote kwa maneno yanayosomeka. Kuitupa skripti na kubakiza kifurushi ni kutupa sehemu pekee ya ushahidi inayoweza kuulizwa maswali. Karani anayedaiwa fedha, mfanyabiashara aliyekataliwa malipo mpakani, na mpiga kura anayetaka kujua kura yake ilipitaje hawana uwezo wa kuingia katika seva. Wanachoweza kudai, na ambacho sera inaweza kuwapa, ni kuonyeshwa dirisha lilichorwa wapi, lilichorwa na nani, na lingeonyesha nini kama lingesogezwa saa moja.